Datsun 240Z: Raba Kwanza, Rangi Baadaye

Jina la Datsun 240Z bado lina uzito kwa wanunuzi wa magari ya zamani. Gari hilo lililotwaa Safari Rally mwaka 1971 na 1973 halitengenezwi tena, hivyo bei hufuata hali ya bodi. Inashangaza basi kuona wenye magari hayo wakimwaga fedha kwenye rangi mpya ilhali raba za madirisha na milango zimekauka na kupasuka.

Maji yanayopenya hapo hayaonekani upesi. Hunyonywa na zulia, yakakaa juu ya sakafu, na kutu ikaanza kula chini kwa chini. Gari hili halina chasisi ya peke yake; sakafu ni sehemu ya mwili unaolibeba. Ikioza, fundi hukata na kuchomelea, na faida yote huishia gereji. Raba ya mlango wa nyuma ikilegea, hata moshi wa ekzosi huingia ndani.

Kupima hakuna gharama. Mlango ufungwe juu ya kipande cha karatasi, kisha kivutwe. Kikichomoka kirahisi, raba haibani. Wapo wanaopaka silikoni juu ya raba mbovu. Huko ni kuficha ugonjwa, na mnunuzi mzoefu akiiona hushusha bei papo hapo. Raba chakavu itolewe yote, gundi ikwanguliwe, kutu isafishwe, ndipo mpya ibandikwe. Matundu ya kutolea maji chini ya milango nayo yazibuliwe.

Anayeonyeshwa 240Z inayong'aa na ainue zulia kabla ya kutaja bei.