Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: Cheti changu cha zuio kiko wapi?

Mheshimiwa Waziri,



Mimi ni fundi umeme wa kujitegemea. Mwaka jana taasisi moja ya umma (siitaji, bado nahitaji kazi) iliniita kufunga nyaya kwenye majengo yake huko bondeni, Mtowisa. Vifaa vyao, ufundi wangu: shilingi 3,600,000. Nikalipwa 3,420,000. Ile 180,000 ikakatwa kuwa kodi ya zuio, asilimia 5. Sikubisha, ndiyo sheria.

Niliomba cheti cha zuio tu. Mhasibu akasema njoo wiki ijayo. Sheria inamtaka aliyekata awasilishe fedha kwa mamlaka ya kodi ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Wiki ya mhasibu huyu ilianza wakati wa mavuno ikavuka masika yote. Sasa kahamishwa. Aliyempokea anasema faili halioni.

Bila cheti, 180,000 hiyo ni kama haikuwahi kukatwa. Nilipofunga hesabu za mwaka haikutambuliwa, nikalipa tena. Jasho lilelile, kodi mara mbili.

Halafu kuna makadirio ya kodi ya mapato, yanayolipwa kwa awamu. Awamu ya kwanza mwisho wake 31 Machi, wakati mahindi ya Ufipa bado yako shambani na mteja wangu wa Laela anasema atanilipa akiuza. Nakopa, nalipa. Nikichelewa, riba. Waliokalia 180,000 yangu riba yao anaihesabu nani? Au riba ni ya mafundi tu?

Kila bajeti tunahimizwa kurasimisha shughuli zetu. Nina TIN, natunza vitabu. Mwenzangu asiye na TIN anafunga taa za watu Kizwite, halipi hata mara moja. Mimi niliyerasimisha nalipa mara mbili. Mkiuliza kwa nini vijana wanaikimbia TIN, msiitishe semina.

Naomba uagize, Mheshimiwa: taasisi ya umma isikate kodi ya mtu bila kumkabidhi cheti siku hiyohiyo ya malipo. Iliyokata na kukaa kimya ilipe kutoka fungu lake, na aliyekatwa arudishiwe chake. Awamu ya tatu ni 30 Septemba. Nitailipa, ila 180,000 yangu iwe imeshahesabiwa.

Fundi umeme wa kujitegemea,
Sumbawanga