Mambo ya Nyumbani: Kukaa Mjini kwa Hesabu ya Shamba



Mpunga ukiisha kukatwa na ufuta ukiisha kukung'utwa, magari huja Kamsamba kuchukua mazao, na pamoja na magunia huchukua watu. Kijana humfuata mjomba wake Tunduma, binti huolewa huko, mwalimu huhamishwa, mjane huenda kukaa kwa mwanawe. Bonde letu la Rukwa hubaki chini na joto lake, nao hupanda mlima kwenda kwenye baridi na malori ya mpakani. Tena hawaendi wachache. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012 mji wa Tunduma haukufika watu laki moja. Katika hesabu ya mwaka 2022 walikuwa wamezidi laki mbili. Wengi wa hao walizaliwa vijijini kama sisi.

Salamu zao hutufikia kwa simu, na ndani ya salamu mara nyingi mna swali: sisi tuliolelewa shambani, twawezaje kukaa mjini bila kuyapoteza mema ya shamba? Swali hili si dogo, wala si la majani ya mboga tu. Nyumba nyingi za Wakristo zimevunjika mjini kwa jambo ambalo wazee wetu wangaliliona mapema. Basi mwezi huu tumeona vema kulijibu kwa kadiri tuwezavyo.

Kwanza tuondoe uchafu njiani. Mjini neno "mshamba" ni tusi, nao vijana wetu huliogopa hata huacha kusalimu wazee barabarani wasije wakajulikana walikotoka. Huo ni upumbavu, wala hatutaufanyia maneno mengi. Lakini wako wengine waangukao upande wa pili. Hao hudhani kuishi kishamba mjini ni kumfunga mbuzi mlangoni pa jirani, au kutwanga usiku wa manane mbele ya dirisha la mtu alalaye, au kutupa makapi katika mfereji. Kijijini nafasi ilikuwa kubwa, na makosa kama hayo yalipotea katika upana wa nchi. Mjini hakuna upana. Akaaye karibu na watu wengi yampasa adabu zaidi, si pungufu.

Tena tusiisifu shamba kupita kiasi, kama wafanyavyo waliokwisha kuisahau. Bonde letu lina mbu, lina mafuriko ya mto Momba, lina husuda pia, na mtoto mgonjwa aweza kuwa mbali na mganga. Hatumwambii mtu arudi.

Neno letu ni hili: mtu wa shamba huhesabu mwaka, na mtu wa mji huhesabu siku. Hapo ndipo tofauti ilipo.

Fikirini nyumba ya hapa Kamsamba mavuno yanapoingia. Baba na mama huketi mbele ya magunia na kugawanya: haya ya kula hata mavuno mengine, haya ya mbegu, haya ya kuuza kwa ada za shule na nguo, haya ya sadaka, na haya ya wageni na misiba, kwa kuwa misiba haikosi. Hawana fedha nyingi, lakini wajua mwezi wa pili watakula nini. Sasa mtazameni mwana wao aliyeko Tunduma. Apata fedha leo mpakani kwa kupakua mizigo, na leo hiyohiyo mkewe hununua unga wa kilo moja, mafuta ya kupima katika kichupa, mkaa wa kopo na sukari ya kufungwa katika karatasi. Kesho huanza tena. Hakuna anunuaye kwa bei ghali kuliko yeye anunuaye kidogo kidogo, lakini yeye haoni, kwa sababu kila mara atoa fedha ndogo. Mwisho wa mwaka amenunua gunia zima kwa bei ya gunia na nusu, wala hakuliona gunia lenyewe.

Kisha siku moja mtoto augua, au kazi yakosekana kwa majuma mawili. Hana akiba ya fedha wala ya chakula. Ndipo mama wa nyumba aendapo kwa wakopeshaji wa mtaani, kuchukua mikopo ile ambayo watu wa mji wenyewe wameipa jina la "kausha damu." Jina halikukosea. Hulipwa kila siku au kila juma, na riba yake ni nzito. Asiyeweza kulipa huchukuliwa godoro, vyombo na meko. Tumejua nyumba za waumini ambazo mume hakuwa na habari ya deni mpaka wadai waliposimama uani. Katika siku hiyo upendo hujaribiwa kuliko siku ya arusi.

Basi la kwanza la kuhamisha kutoka shamba kwenda mji si jembe, ni ghala. Nyumba iliyo na jamaa Kamsamba inunue mpunga wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, si mwezi wa kwanza. Asiyeweza gunia peke yake ashirikiane na wawili watatu wa jumuiya yake. Na anunue mpunga, si mchele, kwa kuwa mpunga ulio na maganda yake hukaa salama kuliko mchele uliokobolewa. Akoboe wa kutosha mwezi mmoja. Uanikwe vema kwanza, uwekwe juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, ili unyevu usipande na panya asipate maficho. Kwa mahindi ni shida zaidi, kwa ajili ya dumuzi. Mdudu huyu si wa kwetu. Alitoka Amerika ya Kati, akaonekana katika nchi ya Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, akaenea. Dawa yake nyepesi ni kumnyima hewa. Iko mifuko yenye tabaka za nailoni ndani, isiyopitisha hewa, na mahindi makavu yakifungwa humo sawasawa, wadudu hufa bila sumu. Lakini msifungue kila siku kuchungulia, kama watoto wanaochimbua mbegu waone kama imeota.

Sasa tuje kwenye bustani, ambayo ndiyo wengi walitaka kuisikia.

Wako ndugu waliokaa Tunduma miaka kumi na mitano wasiopanda hata mpapai mmoja. Ukiwauliza, hujibu, "Sisi twapita tu, kwetu ni bondeni." Twawaomba wafungue kitabu cha Yeremia, mlango wa 28 na wa 29. Watu wa Yuda walikuwa wamechukuliwa Babeli, na huko Yerusalemu alikuwako nabii aliyewafurahisha watu, Hanania, aliyesema kwamba kwa miaka miwili mambo yatakwisha. Yeremia akawaandikia barua yenye habari nyingine kabisa: wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake, waoze watoto wao, na kuutakia amani mji ule ambamo wamehamishwa, hata kuuombea, kwa maana kukaa kwao kungekuwa miaka sabini. Hao walikuwa mateka, na mji ulikuwa wa adui. Je, mtu aliyepanda gari kwenda Tunduma kwa hiari yake ana udhuru gani? Twaona neno hili la kupita tu limewadhuru watu wetu kuliko umaskini. Apitaye hafagii uwanja wa jirani, hajiungi na kwaya, hamjui balozi wa mtaa wake, wala hapandi mti.

Tena kulima mjini si jambo geni katika nchi yetu. Mwaka 1974, njaa ilipotisha, serikali ilitangaza Kilimo cha Kufa na Kupona, na watu wa mijini nao wakaambiwa walime. Katika miaka ya 1980 mishahara ilipopungukiwa nguvu, walimu, matabibu, hata wakubwa wa serikali pale Dar es Salaam walifuga kuku na ng'ombe nyuma ya nyumba zao, na wengi walipata humo zaidi ya mshahara. Mwaka 1992 zikatolewa kanuni za kilimo cha mijini, zikiweka mpaka wa ekari tatu kwa mtu. Mpangaji wa chumba kimoja atacheka akisikia ekari tatu! Yeye ana upana wa mkeka, na pengine mwenye nyumba hapendi udongo uchimbuliwe.

Huyo na achukue gunia. Huko Kibera, mjini Nairobi, nyumba nyingi zimelima hivyo baada ya shida za mwaka 2008, nasi tumeona ikifaa hata Tunduma. Asimamishe gunia imara, aweke katikati kopo kubwa lililotolewa kitako, alijaze mawe madogo, na kando yake ajaze udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Kisha alivute kopo juu, aongeze mawe na udongo, mpaka gunia lijae; mawe yatasimama katikati kama nguzo. Maji humiminwa juu ya mawe nayo hushuka na kuenea. Ubavuni atoboe matundu, na katika kila tundu apande mche wa sukumawiki au mchicha. Maji yaliyooshea mchele na mboga yatosha sana, jambo lililo kubwa katika mitaa ambako maji hununuliwa kwa ndoo. Asitarajie kupanda yote yaliyo ya bondeni, maana juu kule ni baridi mwezi wa sita na wa saba; kabichi na figili zitampendeza kuliko bamia.

Lakini maji ya mfereji, hapana. Dar es Salaam, katika bonde la Msimbazi, mchicha umenyweshwa maji ya mto uliobeba taka za mji na za viwanda, na wachunguzi wamekuta madini ya sumu ndani ya majani. Mboga hiyo ni nzuri machoni, kijani kabisa.

Juu ya mahindi mjini, watu hugombana na mabwana afya kila mwaka. Wakulima husema ni uonevu. Sisi twaona kila upande una sehemu ya haki. Mbu wa malaria hazaliwi hasa katika majani ya mahindi, kama ilivyodhaniwa. Huzaliwa katika madimbwi. Ila wataalamu waliochunguza Ethiopia waliona kwamba unga wa maua ya mahindi ukianguka katika madimbwi huwa chakula cha viluwiluwi, nao hukua haraka. Basi asiyeweza kufukia madimbwi yake asipande mahindi karibu na nyumba, nayo amri ya halmashauri aifuate.

Kiko na kisa cha kuogopesha katika habari hizi. Mfalme Ahabu alitaka bustani ya mboga karibu na nyumba yake. Tamaa yake haikuwa ya dhahabu wala ya vita, ilikuwa ya mboga tu. Lakini kiwanja kilikuwa cha Nabothi, naye hakutaka kuuza urithi wa baba zake, na mwisho wake ukawa damu. Twakikumbuka kisa hiki kila tusikiapo mzee wa kanisa ameusogeza ugo wake hatua moja usiku.

Kwa walimu tuna neno la peke yake. Tangu Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, hata kabla yake katika shule za misheni, shamba la shule limekuwa darasa. Lakini katika shule ngapi mtoto aliyechelewa hupewa jembe, na aliyepiga kelele huambiwa akapalilie? Mwalimu, ukilifanya jembe kuwa kiboko kwa miaka saba, usishangae kijana akifika mjini ahesabu kulima kuwa aibu. Mpe jembe aliyefanya vema. Mpe tuta lake mwenyewe, na mboga zake azipeleke kwa mama yake. Wako watoto Tunduma waliozaliwa huko, wanaokula wali wa Kamsamba kila Jumapili, lakini hawajaona mpunga umesimama majini. Wazazi wawalete bondeni likizo ya mwezi wa sita, wakae na bibi zao, washike mundu.

Mwisho ni kuku. Kuku watano wafaa mjini, wakiwa na banda lililoinuliwa na kufagiliwa kila siku, tena jirani akiombwa radhi kabla ya jogoo kununuliwa. Adui yao ni kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Kikiingia mtaani huweza kumaliza kuku wote kwa juma moja, hasa miezi ya kiangazi. Kinga yake ipo, ile chanjo istahimiliyo joto, tone moja katika jicho la kila kuku, na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kichupa kimoja chatosha kuku wengi sana, basi akina mama wa mtaa mmoja wakichange pamoja na kuchanja siku moja, mapema asubuhi kuku wangali bandani. Aliye mgonjwa tayari hapati faida kwa chanjo.

Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutaeleza namna ya kuoza samadi katika pipa bila harufu.