Mkataba wa Ulaya wabisha hodi Holili na Tarakea

UPINZANI wa Tanzania dhidi ya Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi (EPA) kati ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya haukuzaliwa jana. Kenya na Rwanda zilipotia saini Septemba 2016, Dar es Salaam iligoma, na Novemba mwaka huo Bunge likaishauri Serikali isiuridhie. Rais mstaafu Benjamin Mkapa alikwishaonya kuwa ungedhoofisha viwanda vyetu vichanga.

Kenya nayo ilikuwa na hoja nzito. Kwa vigezo vya Umoja wa Mataifa haimo katika kundi la nchi maskini zaidi, hivyo bila mkataba maua yake yangetozwa ushuru Ulaya, ilhali bidhaa za Tanzania, ukiondoa silaha, huingia huko bure. Februari 2021 wakuu wa Jumuiya waliruhusu aliye tayari atangulie. Nairobi ikasaini peke yake Desemba 2023, na utekelezaji ukaanza Julai 1, 2024.

Hapo ndipo wakazi wa Mkuu wanapohusika. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005, na Tarakea si mbali na soko la Mkuu. Kenya inafungua soko lake hatua kwa hatua kwa miaka 25. Bidhaa nyeti zimeachwa nje, lakini hizo nyingine zitakazoshushwa Mombasa bila ushuru zitatambuliwaje zikifika Holili? Kwenye karatasi, cheti cha uasili kinatosha. Wanaozijua njia za panya za Rombo wana mashaka, na mwandishi huyu ni mmoja wao.