Hii dawa mpya ya gono pia tutaiua

Wasee, leo hakuna skiti. Najua mlikuja kuona konda na mama wa mayai wakigombana, watarudi wiki ijayo. Leo nimekasirika na naandika nikiwa bado moto.

Kuna klipu imezunguka kwa kila grupu niko: dawa mpya ya kisonono imepatikana, unakunywa mara moja tu, umepona. Nimetagiwa hadi nikachoka, juu kila mtu anajua natoka Salgaa na kila mtu anadhani Salgaa ni trela na lojing'i basi. Komenti ni zile zile. "Salgaa mmeokoka." "Sasa ni kula raha." Vicheko, vicheko.

Habari yenyewe ni ya ukweli. Dawa inaitwa zoliflodasini. Ilijaribiwa kwa watu 930 huko Afrika Kusini, Thailand, Marekani, Ubelgiji na Uholanzi, na Desemba 2025 Marekani ikaipitisha. Si muujiza. Kwa gono ya sehemu za siri ilitibu asilimia 90.9, na matibabu ya kawaida, yaani sindano ya seftriaksoni pamoja na azithromaisini, yakatibu asilimia 96.2. Lakini ni dawa ya aina mpya, na aina mpya hazipatikani kila siku. Aliyesimamia huo utafiti mkubwa ni shirika lisilo la faida, GARDP, juu makampuni mengi makubwa yalishaona antibayotiki hazina pesa. Achaogen ya Marekani ilipitishiwa antibayotiki yake 2018. 2019 ikafilisika. Dawa yenye unakunywa kidogo ukapona ukaenda zako haitajirishi mtu.

Kwa hivyo kuipata hii moja ilikuwa kazi ya miaka. Na sisi tutaimaliza na makasi.

Najua juu nimeshafanya hiyo kazi mwenyewe. Nikiwa mwaka wa pili kampasi, kabla niache, niliamka nikikojoa moto. Sikuenda hospitali. Nilienda kwa kemisti fulani, jina nitaliacha, saa tatu usiku, nikangoja mama mmoja anunue Panadol amalize aende. Jamaa wa kaunta aliniangalia vile nimesimama, akacheka kidogo, akasema, "Mia tatu." Nikamwambia niko na mia moja hamsini. Akachukua makasi, akakata ile karatasi ya vidonge katikati. Sipro. Hakuna kupimwa, hakuna kuulizwa, hakuna "na mwenzako je?" Sheria ya Kenya inasema antibayotiki ziuzwe kwa cheti cha daktari. Hayo makasi hayakuwa yamesoma sheria.

Moto ulipungua siku mbili, nikajiona mjanja. Halafu ukarudi na hasira. Kitu sikujua ni kwamba tangu 2016 Shirika la Afya Duniani lilishasema sipro na ndugu zake zisitumike tena kwa gono, juu mdudu ameshazizoea. Yaani hata kama ningekuwa na ile mia tatu yote, nilikuwa nanunua dawa iliyochoka. Mwishowe nilienda nikadungwa sindano, nikapona.

Sasa kuna kitu sijawahi kusema huku. Nilikuwa na msichana. Yeye hakuwa na dalili yoyote, na mimi sikumwambia. Aibu tu, sina sababu ingine. Miezi kadhaa baadaye alishikwa na maumivu ya tumbo la chini hadi akashindwa kupanda ngazi za hosteli. Maambukizi yalikuwa yamepanda hadi kwa mirija ya uzazi. Alitibiwa, lakini kama mirija imebaki na kovu ama la, hakuna mtu amemwambia kwa uhakika. Ana miaka ishirini na mbili.

Ndio maana hizo komenti zinanichoma.

Hii gono ilikuwa inatibiwa na penisilini, ikaizoea. Ikaja tetrasaiklini, ikaizoea. Sipro ikaja kama mkombozi, mnajua iliisha vipi. Kila moja ilikuwa "dawa mpya" kwa wakati wake, na kila moja watu waliichekelea. Mdudu akipigwa nusu dozi, wanyonge wanakufa, wagumu wanabaki, na hao wagumu ndio unampelekea mtu unayempenda.

Mnadhani ni mambo ya mbali? Kata kushoto pale Mau Summit, shuka Kericho, fika Kisumu. Hapo wanawake 449 wa miaka 18 hadi 30 waliingia kwa utafiti, nusu wakapewa doksi ya kumeza baada ya ngono, ionekane kama itawakinga na magonjwa ya zinaa. Matokeo yalitoka 2023: haikuwakinga. Sababu moja ni kwamba wengi hawakuimeza, nywele zao zilipopimwa dawa haikuonekana sana. Lakini gono iliyopatikana na kupimwa ilikuwa sugu kwa doksi, yote. Si nusu. Yote.

Na gono ni kipande tu. Ukiweka pamoja nimonia, vidonda, mkojo, damu za watoto wachanga, makadirio ya 2019 ni kwamba usugu wa dawa uliua moja kwa moja watu 8,500 Kenya.

Sasa mtu ananiambia wa kulaumiwa ni madreva na madada wa Salgaa. Buda, tulia. Dreva ametoka Mombasa na kontena, analala hapa, kesho yuko Malaba, kesho kutwa Kampala. Akianza kuwashwa saa nne usiku, mlango gani uko wazi? Wa kemisti. Dada anayemtegemea mtoto wake shule alale kliniki nusu siku akingoja laini, hiyo siku nani anamlipa? Na hata akifika, kwa kliniki nyingi atatibiwa kwa kuangalia dalili, si kwa kupima. Kama hana dalili, na wanawake wengi hawana, anarudishwa nyumbani na ugonjwa wake. Mwingine ana dalili za kitu kingine kabisa, anamezeshwa dawa ya gono bure, na wadudu wengine wote mwilini mwake wanapata mazoezi.

Nyinyi wa huku mnakumbuka Migaa. 31 Desemba 2017, basi na lori, watu 36. Miaka yote kabla ya hapo hadithi ilikuwa dreva: dreva mlevi, dreva amelala, dreva anatelemka bila gia. Ilibidi barabara ya Salgaa kwenda Sachangwan igawanywe katikati, kwenda huku, kurudi kule. Madreva ni wale wale. Hakuna mtu aliwaombea wakageuka malaika. Barabara ndiyo ilibadilishwa.

Basi nataka hivyo hivyo kwa hii gono. Mahali pa kupima hapa hapa karibu na maegesho ya trela, pafunguliwe usiku wakati watu wako, majibu yatoke kabla dreva awashe gari. Seftriaksoni iwepo, si "rudi Jumatatu". Mtu akipatikana nayo, asaidiwe kumwambia mwenzake, hata kwa meseji isiyo na jina, juu wengi wetu ni waoga kama mimi. Na zoliflodasini ikifika Kenya, isiguse kaunta yoyote bila majibu ya kipimo. Ikionekana imekatwa na makasi, hiyo duka ifungwe siku hiyo hiyo.

Kuna mwenye ataandika hapa chini kwamba kemisti ndio daktari wa maskini, ukiwabana watu watateseka. Nakubali nusu. Ndio maana nimesema kipimo kwanza, kubana baadaye. Ukifunga mlango pekee ulio wazi usiku bila kufungua mwingine, watu watanunua kwa mtu wa mkoba huko nyuma ya lojing'i. Lakini usiniambie kile nilichouziwa kilikuwa huduma. Kilikuwa mia moja hamsini yangu na miezi ya mtu mwingine.

Yule msichana anajua naandika hii. Nilimtumia jana usiku nikamwambia akikataa sipost. Alikaa kimya kama saa moja hivi, bluu tiki tu. Halafu akajibu: "Post. Na uweke bei ya skani."

Ilikuwa elfu mbili mia tano. Alilipa mwenyewe.