Kabla ya Pampu, Tupeni Stripu

Wapenzi wenzangu wa programu huria, bila shaka mmesikia habari za Dana Lewis wa Marekani. Ana kisukari cha aina ya kwanza, yaani kongosho lake halitengenezi insulini. Mwaka 2015 yeye na wenzake waliitoa OpenAPS bure kwa umma. Baadaye ikaja AndroidAPS, ambayo hukaa ndani ya simu ya Android.

Kazi yake si ngumu kueleza. Kihisi kidogo kinachobandikwa mwilini hupima sukari kila dakika 5. Programu hukadiria sukari inaelekea wapi, kisha huiamuru pampu iongeze au ipunguze insulini. Inarudia hivyo mchana na usiku, hata mgonjwa akiwa amelala.

Sasa tuje nyumbani. Simu za Android zimejaa Keroka na Ogembo, na programu ni ya bure. Kuna kizuizi gani basi? Ni kwamba programu ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Kihisi hudumu kama wiki mbili, kisha kinatupwa. Mrija wa pampu nyingi hubadilishwa kila baada ya siku 2 au 3. Tena pampu hutumia insulini ya haraka peke yake. Ikikatika, baada ya saa chache tu mgonjwa yumo hatarini. Hebu fikiria hilo likitokea usiku wa mvua huko Borabu, mbali na hospitali ya rufaa ya Kisii.

Msimamo wangu ni huu: tuanze na kipimo. Programu ikilishwa data mbovu hutoa majibu mabovu, na daktari asiye na vipimo naye anabahatisha tu. Mtoto anayepima sukari mara 4 kwa siku anahitaji stripu 120 kwa mwezi. Serikali za kaunti za Kisii na Nyamira zihakikishe kwanza stripu na insulini hazikosekani. Ndipo tuzungumzie vihisi, na mwisho pampu.

Nasi waandishi wa programu tusikae tukisubiri. Kwa kawaida mifumo hii humtaka mgonjwa aingize kiasi cha wanga anachokula. Inafaa tuwe na orodha ya matoke, obokima wa wimbi na viazi vitamu, kwa kipimo cha sahani zetu wenyewe. Hiyo haihitaji pampu. Inahitaji mizani ya jikoni, mtaalamu wa lishe na mwandishi wa programu. Mimi nipo tayari. Nani mwingine?