Mazungumzo ya Mwalimu: Baada ya 16 yaja ngapi?



Jioni moja baba mmoja wa parokia yetu alinijia nyumbani, amemshika mkono kijana wake wa darasa la sita. Akaniambia: «Mwalimu, mwanangu amechaguliwa kwenda kwenye mashindano ya hesabu. Wataulizwa habari za namba zinazofuatana. Nakuomba umfundishe njia ya upesi, asije akashindwa.» Nikawakaribisha, tukaketi. Lakini kabla ya kumfundisha kijana njia ya upesi, niliona yanipasa kuwaeleza wote wawili kosa langu mimi mwenyewe. Leo nawaeleza ninyi pia, maana kosa lililofichwa halimfundishi mtu.

Kwanza tuyajue maswali yenyewe. Mtoto huandikiwa namba chache, kwa mfano 2, 5, 8, 11, naye huulizwa: baada ya 11 yaja ngapi? Atazame tofauti iliyoko kati ya namba na namba: kila mara huongezeka 3. Basi jibu ni 14. Akiandikiwa 3, 6, 12, 24, ataona kwamba kila namba ni maradufu ya ile iliyoitangulia. Jibu ni 48. Akiandikiwa 1, 4, 9, 16, tofauti zake ni 3, 5, 7. Basi ataongeza 9, apate 25. Mazoezi haya ni mema. Yanampa mtoto macho ya kuona utaratibu mahali ambapo mwingine aona fujo tu.

Hivyo ndivyo nilivyofundisha katika miaka yangu ya kwanza ya ualimu. Niliwaambia watoto: «Tazama namba tatu nne za mwanzo, shika kanuni, jibu, endelea.» Wakawa wepesi kama swala, nami nikajivuna.

Siku moja nikachora duara ubaoni. Nikasema: tieni nukta 2 juu ya ukingo wa duara, mziunganishe kwa mstari ulionyoka, duara lagawanyika vipande 2. Tieni nukta 3, kila moja iunganishwe na kila nyingine: vipande 4. Nukta 4 zatoa vipande 8. Nukta 5 zatoa vipande 16. Je, nukta 6? Darasa zima likapaza sauti: «Thelathini na mbili!» Nami nikaandika 32 ubaoni, nikasema ni kweli.

Msichana mmoja aliyeketi nyuma hakusema neno. Alikuwa akichora. Nilipokusanya madaftari niliona ameandika 31. Nikalikata jibu lake kwa wino mwekundu, nikaandika kando: «Hukuhesabu vema.» Kesho yake akaja mezani pangu, akanena kwa sauti ndogo: «Mwalimu, nimehesabu mara tatu. Kipande cha thelathini na mbili sikioni.» Nikachukua kalamu ili nimwonyeshe. Nikahesabu 31. Nikachora duara jingine, kubwa zaidi. Likatoa 31. Jasho likanitoka.

Mtoto alisema kweli, mimi ndiye niliyekosa. Tena angalieni kosa langu lilikuwa la namna gani. Nilidhani ya kuwa jambo lililotokea mara nne halina budi kutokea mara ya tano. Sikuwa nimejiuliza kwa nini lilitokea.

Sababu yenyewe ni hii, na kila mtu aweza kuifuata. Duara tupu ni kipande 1. Kila mstari mpya huongeza kipande 1, na tena kipande 1 kwa kila mahali unapokata mstari mwingine. Basi vipande vyote ni 1, pamoja na idadi ya mistari, pamoja na idadi ya makutano. Nukta 6, kila moja yaungana na wenzake 5: ni 30, lakini kila mstari tumeuhesabu mara mbili, kwa kuwa una ncha mbili, basi mistari ni 15. Na makutano je? Mistari miwili inayokatana ina ncha 4. Kwa hiyo kila nukta 4 huzaa kutano 1. Kuchagua nukta 4 katika 6 ni sawasawa na kuacha 2, na njia za kuacha 2 ni 15, kama vile mistari ilivyokuwa 15. Haya, 1 na 15 na 15 ni 31. (Nukta zisipangwe kwa nafasi zilizo sawa kabisa, kwani hapo mistari mitatu hukutana mahali pamoja katikati, na kipande kimoja hupotea.)

Nikarudi darasani, nikamwita yule msichana mbele, nikampa chaki. Kisha nikawaambia wote: «Mimi nilikosa, mwenzenu alisema kweli.» Maneno hayo yalikuwa mazito kinywani. Seminarini nilizoea kusahihishwa na wakubwa. Kusahihishwa na mtoto nilikuwa bado. Nilidhani heshima yangu itapungua. Kumbe kilichopungua ni woga wao: tangu siku ile walianza kuniuliza.

Hata wakuu wa elimu hukutana na jambo hili. Mwaka 1950, pale Ishango, mahali mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa mdogo wenye mikato iliyopangwa kwa safu tatu. Waliouchonga waliishi nchini mwetu yapata miaka 20,000 iliyopita. Mfupa wenyewe umehifadhiwa Brussels. Safu moja ina mikato 11, 13, 17 na 19. Hizo ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20, yaani zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Je, wahenga hao walizijua namba tasa? De Heinzelin aliona ni mchezo wa hesabu. Alexander Marshack wa Marekani aliona ni kalenda ya mwezi wa mbinguni. Namba ni zilezile, maelezo ni mbalimbali. Mfupa hauwezi kujibu ukiuulizwa «kwa nini?» Mtoto wako aweza.

Basi tufanyeje nyumbani? Chukueni maharage. Mtoto ajumlishe namba witiri kwa kufuatana: 1, 1 na 3 ni 4, 1 na 3 na 5 ni 9, ongeza 7, ni 16. Ataona kwamba ni 1 × 1, 2 × 2, 3 × 3, 4 × 4. Msimwache hapo. Apange maharage 9 kuwa mraba, mistari mitatu ya matatu. Ili aukuze mraba huo, ataweka 3 upande wa kuume, 3 chini, na 1 pembeni: jumla 7. Ili aukuze tena, 4 na 4 na 1: jumla 9. Sasa ameona kwa macho yake kwamba haiwezi kuwa vingine. Mwulizeni jumla ya namba witiri 100 za kwanza. Atajibu 10,000 bila kutetemeka.

Yule baba akasema: «Lakini Mwalimu, mashindanoni wakati ni mchache.» Ni kweli. Namba zikiandikwa peke yake, bila habari yoyote, mtoto ajibu kwa kanuni iliyo nyepesi kuliko zote, maana ndiyo mwulizaji aitakayo. Lakini swali likitaja duara, au vijiti, au mawe yaliyopangwa, aache kukisia. Achore. Ajiulize maneno matatu: Ni nini kinachoongezeka? Kwa nini kinaongezeka hivyo? Nikijaribu hatua moja zaidi, kanuni yangu itasimama? Mwenda pole hajikwai.

Nanyi wanafunzi, jaribuni wenyewe: nukta 7 zatoa vipande vingapi? Hesabuni mistari, hesabuni makutano, kisha choreni duara kubwa mkahakikishe. Atakayeandika 64 na aanze kusoma upya tangu juu. Na atakayeona kwamba mwalimu wake amekosa, amwendee kwa adabu, daftari mkononi. Mwalimu mwema atachukua kalamu ahesabu pamoja naye.