Mashindano ya shule Fizi: mwanafunzi aulizwe pia namna ya kutunza mbuzi na kuku

BARAKA, FIZI. Familia iliyokimbia vita ikifika Baraka, mara nyingi inapokelewa kwenye parseli ya ndugu au ya mtu wa kanisa. Shamba limebaki milimani, na ng'ombe au mbuzi waliokuwapo wameporwa ama wamepotelea njiani. Ikianza kujipanga upya, baada ya sufuria na mkeka inatafuta kuku wawili au dende wawili. Ndio benki yake. Mtoto akifukuzwa shuleni kwa ajili ya pesa, au akishikwa na malaria usiku, kuku ndiye anayepelekwa sokoni.

Kisha asubuhi moja kuku mmoja anaonekana amenyong'onyea, anahara kijani, shingo imepinda. Kesho yake wamekufa wawili. Wiki ikiisha, parseli nne zinazopakana hazina hata jogoo wa kuwika. Wengine wanasema ni upepo mbaya. Wengine wananong'ona kwamba jirani aliyekuja juzi ndiye aliyetia sumu. Mara nyingi ni ugonjwa unaoitwa Newcastle, ambao haujali kuku ni wa mwenyeji au wa mkimbizi. Hauna dawa, ila una chanjo. Kuna ile ya kudondoshea jichoni, tone moja kwa kila kuku, ambayo mtoto wa miaka 14 anaweza kuitoa akiwa amefundishwa.

Hapo ndipo shule za Fizi zinahitaji kujiuliza zinashindanisha watoto juu ya nini.

Mashindano ya maarifa si kitu kigeni hapa. Kila mwanafunzi wa sekondari Kongo anajua Génies en herbe: shule mbili mezani, maswali ya haraka, wazazi na wanafunzi wakipiga makofi. Mtoto anaulizwa mji mkuu wa nchi ya mbali, mwaka wa vita vya Ulaya, kanuni ya hesabu. Ni vizuri, tena yaendelee. Lakini mtoto huyo huyo, ukimuuliza kwa nini mbuzi wa mama yake anatoka makamasi mazito na ana vidonda mdomoni, atanyamaza. Wala si kosa lake. Hakuna aliyemwambia kwamba swali hilo nalo ni la akili.

Pengine wamekwisha kuliona hilo. Marekani, shirika la vijana wa kilimo liitwalo FFA, lililoanzishwa mwaka 1928, lina shindano la wanafunzi wa sekondari juu ya udaktari wa wanyama. Wanafanya mtihani wa kuandika na wa hesabu za dawa. Wanaonyeshwa vyombo vya kazi na wadudu wanaonyonya damu, wataje kila kimoja kwa jina. Mwishoni wanaingia kwenye kazi ya mikono: kumshika mnyama bila kumuumiza, kumfunga kidonda, kuandaa sindano. Aliyekariri daftari bila kugusa mnyama haendi mbali. Kenya ina vilabu vya 4-K mashuleni, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilivyofufuliwa mwaka 2021, ambamo watoto wanalima na kufuga. Ng'ambo ya ziwa letu, Watanzania wana Nane Nane kila tarehe 8 Agosti, siku ambayo mfugaji anaonyesha mnyama wake hadharani na watu wanajifunza kwake.

Fizi haihitaji kuiga mitambo ya Marekani. Inahitaji lile wazo la mikono. Shindano la hapa liwe na sehemu mbili, na ya pili ifanyike kwenye parseli za watu, siyo jukwaani. Chini ya macho ya veterineri wa inspeksheni ya kilimo, uvuvi na ufugaji, kila kundi lipewe kartye au eneo la wakimbizi, lidondoshee kuku chanjo, liandike idadi, lieleze wenyeji kwamba itarudiwa baada ya miezi mitatu au minne. Kundi lihesabiwe pointi kwa namna lilivyoshika kuku, lilivyotunza chanjo isipate joto, na lilivyoongea na mama mwenye kuku. Hata timu iliyoshindwa itaacha nyuma kuku waliochanjwa. Shindano la namna hiyo halina atakayetoka mikono mitupu.

Maswali yenyewe yapo mengi, wala hayahitaji maabara. Mbwa akimuuma mtoto, cha kwanza ni nini? Ni kuosha kidonda kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha kukimbilia kituo cha afya kutafuta chanjo, maana kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakiponi. Kwa nini kufungua kapsili za tetrasikilini za binadamu na kuzimwaga kwenye maji ya kuku hakuponyi Newcastle? Kwa sababu ni ugonjwa wa virusi, na dawa hizo haziui virusi. Zinamla mtu pesa tu, na zinawazoesha vijidudu vingine dawa hadi siku zitakapohitajika kweli zisifanye kazi. Ng'ombe aliyepigwa sindano jana, maziwa yake yanywewe leo? Hapana, dawa nyingi zina siku zake za kungoja.

Na mnyama aliyekutwa amekufa ghafla, damu ikimtoka puani, aliwe? Aprili 2025, kule Virunga katika Kivu ya Kaskazini, zaidi ya viboko 50 walikufa kwa kimeta, na mamlaka zikawaonya watu wasiguse mizoga. Njaa ina nguvu, kila mtu analijua hilo. Lakini mwanafunzi anayejua kwamba kumpasua mnyama wa namna hiyo kunamwaga vijidudu vinavyokaa udongoni miaka mingi anaweza kuiokoa nyumba nzima kwa neno moja.

Kuna jambo lingine, na halifai kufichwa. Fizi, ukitaja mnyama, watu wanasikia ng'ombe, na ukitaja ng'ombe wanasikia bunduki. Mwaka 2013 Justine Brabant na Jean-Louis Nzweve walitoa kitabu cha utafiti juu ya migogoro ya ng'ombe wanaohamahama katika Fizi na Uvira, na jina walilokipa, kwa Kiswahili, ni jembe, ng'ombe na bunduki. Mkulima analia kwamba mihogo yake imeliwa. Mfugaji analia kwamba mifugo yake imeibwa na watoto wake wamebaki bila maziwa. Vilio vyote viwili ni vya kweli, na tangu kitabu hicho kitoke damu imezidi kumwagika juu ya vilima vya Minembwe na Itombwe.

Kwa hiyo shindano lianze na kuku na mbuzi. Hao wanafugwa na kila kabila, hawahitaji malisho ya mbali, na hakuna aliyewahi kuunda kikosi cha silaha kwa ajili ya kuku. Makundi yachanganywe: mwenyeji wa Baraka, mtoto aliyeshuka kutoka milimani, Mrundi wa kambi ya Lusenda. Mtoto aliyekulia kwenye zizi anajua mengi juu ya wanyama ambayo hayamo vitabuni. Leo kwenye kartye ujuzi huo unamletea masimango. Kwenye timu utamletea heshima. Wawili waliomshika mbuzi mmoja, mmoja kichwani na mwingine miguuni, hawawezi kurudi kuwa wageni kabisa.

Watasema wengine kwamba wakati haufai. Shule zenyewe madarasa yamejaa, walimu hawalipwi kwa wakati, familia zinatafuta unga, nani ana nafasi ya mashindano ya mbuzi? Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni kwamba unga na mbuzi havitengani. Shule ya msingi ya Leta ilitangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, lakini sekondari mzazi bado anatoa pesa, na kwa wengi pesa hiyo ina miguu minne au mabawa. Kumlinda mnyama ni kumlinda mwanafunzi.

Wengine watasema hiyo ni kazi ya maveterineri. Kweli, na shindano halimgeuzi mwanafunzi kuwa daktari. Lakini veterineri mmoja hawezi kufika Mboko, Nundu, Lusenda na Sebele siku moja. Anahitaji macho ya kumwambia mapema wapi mbuzi wameanza kufa. Sotoka ya ng'ombe ilitangazwa kuisha duniani mwaka 2011, na wafugaji wa kawaida waliofundishwa kuchanja walikuwa na sehemu kubwa katika ushindi huo. Sasa dunia imejiwekea mwaka 2030 kuimaliza ile ya mbuzi na kondoo. Haitaisha kama Fizi iko gizani. Na kati ya watoto hao, huenda mmoja akaendelea hadi kitivo cha udaktari wa wanyama Lubumbashi au Butembo, kisha akarudi.

Gharama si kubwa. Waamuzi wawe watatu: veterineri, mzee mfugaji, na mama anayejulikana kwa kuku wake. Redio za Baraka zirushe maswali, ili hata mama aliye kwenye kibanda ajibu pamoja na mtoto wake. Zawadi isiwe kombe la bati. Iwe mbuzi jike kwa shule iliyoshinda, na mtoto wake wa kwanza aende kwa shule iliyoshika mkia.

Siku ipo tayari. Tarehe 28 Septemba dunia inakumbuka kichaa cha mbwa, na shule zetu zinakuwa ndiyo kwanza zimefungua. Maprefe, kamati za wazazi, viongozi wa maeneo ya wakimbizi na mashirika yanayogawa mbuzi wana muda wa kukaa meza moja. Mashirika hayo hasa yafikirie. Kugawa mbuzi 100 na kuondoka bila kumfundisha mtu ni kugawa mizoga ya mwaka kesho.